Mawe Yaliyoanikwa Pamoja na Mihogo

Sindano ya kwanza kulala ilikuwa ya Kiden. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu karibu na mlango wa maabara, mikono juu ya magoti kama sheria ya mtihani inavyotaka, nikaiona kabla yeye hajainua mkono. Sindano ya ameta, chombo cha kupimia umeme, iliinama taratibu kuelekea kushoto, kama mzee anayesinzia kwenye hotuba. Kiden akafungua swichi, akangoja, akaifunga tena. Sindano ikapanda kidogo, ikalala. Halafu ikalala ya jirani yake, halafu mstari mzima. Watahiniwa walikuwa kumi na wanane, na mtihani wa fizikia wa vitendo ulikuwa haujamaliza hata nusu saa.

"Mzee Taban," akaniita kwa sauti ndogo, "mawe imekufa."

Mawe ndilo jina letu la beteri kavu, zile za tochi na redio. Nilikimbilia kabati nikatoa mawe manne ya akiba. Na hayo yakafa mkononi mwangu. Msimamizi wa mtihani, mwalimu aliyeletwa kutoka shule nyingine, akatoka mbio kwenda kutafuta mengine sokoni. Mlango haujatulia, akaingia Bwana Feni, naibu mkuu wa shule, na chaki mkononi.

Nitairudia hiyo chaki. Lakini nyinyi wadogo zangu mnaoshika kazi ya maabara sasa mliniomba niandike miaka yangu, na kazi haielezwi kutoka mkiani. Basi nianze pale ilipoanza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua iliyoniharibia jina iliandikwa kwa Kiingereza kizuri sana. Baba yangu alikuwa askari. Sisi watoto wa Awindiri, mjini Arua, tuliozaliwa katika nyumba za askari tulikunywa Kiswahili kabla ya chai. Nilipokuwa darasa la tano vita vikatusukuma Kongo, na huko nikamaliza utoto bila kumaliza shule. Baba na dada zangu wawili walibaki katika udongo wa kule. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Nasema tu kwamba mtu aliyepita njia ile akarudi hai hamwogopi naibu mkuu wa shule. Habari za kupanda cheo msizitafute humu. Sikuwa na cheo, ningepanda kwenye nini?

Niliporudi nilitengeneza baiskeli sokoni Koboko. Siku moja akaja mwalimu mrefu mwembamba, sweta juani, anakokota baiskeli yenye gurudumu linalocheza. Huyu ndiye Mwalimu Andama, mtu wa Dadamu, mwalimu wa fizikia katika shule iliyo kando ya barabara ya Arua. Niliiweka baiskeli juu chini nikaanza kukaza spoku moja moja, nikizigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake. Hakukaa kwenye benchi la wateja. Alisimama akinitazama mpaka nikamaliza.

"Wewe iko napima bila rula," akasema. "Kuja kwetu tukupe rula."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kazi niliyoambiwa ni kuosha glasi na kufagia.

Siku ya kwanza nilitaka kumfurahisha. Maabara ilikuwa na rula kumi na mbili za mbao, zile ndefu za mita moja, na zote zilikuwa zimesimamishwa kwenye kona yenye unyevu. Mchwa walikuwa wamezila ncha za chini. Nikasema moyoni, mwalimu akikuta hizi zimenyooka atajua ameleta fundi. Nikachukua msumeno. Nikakata kila rula pale ulaji wa mchwa ulipoishia, nikapiga msasa, nikazipanga mezani zinang'aa. Moja ilianzia milimita tatu, nyingine saba, nyingine sentimita moja na kitu.

Mwalimu Andama akaingia, akachukua ya kwanza, akaitazama ncha. Akachukua ya pili. Akakaa.

"Taban, sifuri umeitupa wapi?"

"Kwa takataka, sir."

Nilidhani ananifukuza. Alicheka mpaka akavua sweta. Kisha akaandika ubaoni kwa herufi kubwa, na maneno hayo yalikaa pale miaka yote niliyofanya kazi: HAPA TUNAANZA KWA KUMI. Maana yake ni hii. Ukitaka kupima, usiweke kitu chako kwenye ncha ya rula. Kiweke kwenye kumi, soma kinapoishia, halafu toa kumi. Mwanafunzi aliandika safu mbili, mwanzo na mwisho, na ya tatu ndiyo urefu. Baadaye rula mpya zilikuja, zenye sifuri zao kamili, lakini Mwalimu alikataa kubadilisha. Alisema mchwa hawajahama Koboko. Akasema pia kwamba mtu anayelazimika kutoa kumi kila mara hupima macho yakiwa wazi. Kwa hiyo kila mtoto aliyepita maabara ile alianza kwa kumi, na wachache walijua kwamba asili ya elimu hiyo ni msumeno wangu. Likumbukeni jambo hili, litatufaa huko mbele.

Ajabu yake, mtu huyu aliyeikataa sifuri kwenye rula aliidai kwenye kuhesabu. Pendulamu zetu zilikuwa nati za baiskeli zilizofungwa kwenye uzi wa fundi cherehani. Mtoto akiachia nati na kubonyeza saa husema "moja". Mwalimu alikuwa anampiga kwa chaki. "Moja bado! Nati imeenda wapi mpaka iwe moja? Sema sifuri!" Mtoto aliyeanza na moja huiba mzunguko mmoja, na wizi huo huonekana kwenye grafu. Basi kwenye rula sifuri ilikuwa mwongo, kwenye kuhesabu ilikuwa sultani. Nilichukua mwaka mzima kuliona jambo hilo bila kuumwa kichwa.

Alinifundisha pia mawe. Nilikuwa najua mawe kwa njia ya kwetu. Kila nyumba ya huku inajua kwamba mawe ya redio yakichoka unayaanika juani, juu ya bati au jiwe la moto, na jioni redio inaongea tena habari nzima kabla ya kunyamaza. Kongo tuliishi hivyo. Nikamwambia Mwalimu, akatikisa kichwa.

"Jua halijazi kitu, Taban. Jua linaamsha tu kile kidogo kilichobaki. Mutu mgonjwa anaweza kukusalimia vizuri sana. Mpe jembe, ndiyo utajua."

Ndipo akanipa desturi iliyokuwa ya maabara yetu peke yake. Jiwe la mtihani halipimwi kwa kuwasha balbu na kuzima. Hiyo ni salamu. Unaliunganisha na balbu, unateleka birika la chai kwenye jiko la mkaa, na balbu inabaki inawaka mpaka chai ichemke na inywewe. Jiwe ambalo balbu yake bado ni nyeupe chai ikiisha, hilo litaingia kwenye mtihani. Lililogeuka jekundu linakwenda kwenye tochi ya mlinzi. Na unapima mara mbili, siku yanapofika na siku yenyewe ya mtihani. Nilikunywa chai nyingi kwa ajili ya serikali.

Walimu wengine walitucheka. Lakini miaka ile yote hakuna mtoto wetu aliyeinua mkono katikati ya mtihani kusema kifaa kimekufa. Naisema bila aibu: nimeona madaktari, mafundi na maofisa wakifanya kazi zao, na sijamwona mtu aliyeiheshimu kazi yake kama Mwalimu Andama alivyoiheshimu balbu ya tochi. Alipostaafu na kurudi Dadamu aliniachia daftari lake la jalada jeusi, majaribio yote yamechorwa kwa kalamu, kila chombo na mahali pake. Hakuandika sana. Alijua msomaji ni nani.

Baada yake wakaja walimu vijana. Wa mwisho alikuwa mwema, lakini muhula wa pili ulipoanza akapata kazi kwenye kambi za wakimbizi na akaenda. Simlaumu, anaye mtoto. Mkuu wa shule alikuwa Kampala hospitalini, shule ikawa mikononi mwa Bwana Feni, mwalimu wa historia. Nikamwendea ofisini nikasema, Bwana, sinia foo, kidato cha nne, wana mtihani mwaka huu na hawana mwalimu wa fizikia.

"Si wewe upo?" akasema bila kuinua macho. "Vifaa si vinajionyesha vyenyewe?"

Alisema kwa dhihaka. Mimi nikaichukua kama amri.

Hapo ndipo Kiden anaingia. Kiden ni mtoto wa Lobule, anakuja shule kwa baiskeli ya mama yake, nzito, isiyo na breki ya nyuma. Alikuja maabara Jumamosi moja na mitihani ya zamani kwenye mfuko wa sukari.

"Mzee, wewe unajua vitu. Sisi tunajua Kiingereza kidogo. Tukiunganisha haitoshi?"

"Itatosha nini? Mimi nimeishia darasa la tano."

"Na mimi bado sijaishia popote. Fungua mlango."

Tukafanya hivyo kila Jumamosi. Kiden alisoma orodha ya vifaa kwa sauti, na mimi, kabla hajafika swali, nilikuwa nimejua jaribio gani linakuja. Mpishi akisikia nazi, mchele na iliki hahitaji kusomewa jina la chakula. Niliwaonyesha jinsi ya kusimamisha pini mpaka ya nyuma ijifiche nyuma ya ya mbele, jinsi ya kusoma sindano ukiwa mbele yake na siyo kutoka pembeni, jinsi ya kukwangua ncha ya waya ili ishike. Walikuwa kumi na wanane, na kila mmoja alifunga kila kitu kwa mkono wake. Mambo ya kichwani Kiden aliyabeba yeye.

Siku moja akaniuliza gradient ni nini. Nikamwambia sijui, lakini mwalimu alikuwa anachora mlima kwenye grafu na kuugawa.

"Ndiyo ule mwinuko wa kwenu Lobule," nikasema, "pale unaposhuka baiskeli unasukuma."

Akafikiri. "Kwa hiyo kila nikisogea mbele hatua moja, napanda kiasi gani."

"Wewe ndiye unasukuma, wewe ndiye unajua."

Wenzake walicheka, yeye akaandika. Tangu siku ile hakuna aliyekosa gradient katika chumba kile, na mimi nikawa nimeielewa pia, nikiwa na mvi.

Nilichompendea zaidi ni jambo moja. Mwalimu Andama alipiga marufuku kifutio katika maabara, na Kiden, ambaye hakumkuta, aliishika sheria hiyo kwenye daftari jeusi kama aya. Kipimo kikitoka vibaya alikikata mstari mmoja, akakiacha kionekane, akapima tena. Kijana mmoja, Lemi, alikuwa na tabia ya kuzisukuma namba zake ili mstari unyooke.

"Lemi," Kiden akamwambia, "mstari yako imenyooka kuliko barabara ya Kampala."

"Wewe endelea na nukta zako za walevi."

"Walevi wangu wanasema ukweli. Wa kwako wamefundishwa na wakili."

Lemi mwenyewe alicheka mpaka akaangusha penseli. Kiden alikuwa anataka kuingia chuo cha ufundi Arua kusomea umeme. Bila fizikia hawamfungulii mlango. Alikuwa ameshaniahidi kwamba atakuja kufunga taa nyumbani kwangu, na kwamba mimi nitapika chai mpaka balbu ithibitike.

Wiki moja kabla ya mtihani nilimpigia Mwalimu Andama simu, nikaiweka sauti kubwa juu ya meza.

"Wanaanza kwa ngapi?" akauliza.

"Kumi!" wakapaaza wote kumi na wanane, na yule mzee kule Dadamu akacheka. Nadhani alivua sweta.

Sasa mawe. Kabla ya mtihani shule hupata barua ya vifaa, siyo maswali, vifaa tu, na mwaka ule ilitaka mawe mawili kwa kila mtahiniwa. Yalikuja kutoka Arua Jumatano, arobaini, mapya, mawili mawili ndani ya plastiki. Niliyapima kwa birika, yote yakatoka meupe. Nikayarudisha kwenye plastiki, nikayafungia kabatini. Funguo za kabati ni mbili, mmoja wangu na mmoja uko kwenye droo ya naibu mkuu.

Jumamosi kulikuwa na mechi na shule ya jirani. Spika ya kuchaji ilikuwa imeharibika, kwa hiyo Bwana Feni akatoa ile redio kubwa ya zamani ya shule, inayokula mawe kumi, na kipaza sauti cha mkono, kinachokula manane. Muziki ulipigwa kutwa. Ulipolegea, dakika chache baadaye ukapata nguvu mpya, na tena, na tena. Tulishinda mbili kwa moja. Mimi mwenyewe nilicheza kando ya uwanja, mtu mzima na viatu vyangu. Sikujiuliza muziki ule unakula nini.

Mtihani ulikuwa Jumatatu, saa nane mchana. Saa nne nikateleka birika nikaenda kabatini. Ufunguo haukuingia, tundu lilikuwa limezibwa na kijiti. Nikaenda kwa Bwana Feni kuomba wake. Akasema ametingwa, ningoje. Nikangoja. Saa saba kasoro akaja mwenyewe akafungua, kwa haraka, na kijiti hakikuwepo tena.

"Mzee, fanya upesi, gari ya karatasi imefika."

Nikayatoa mawe. Yalikuwa na joto, kama mayai ya kuku aliyeondoka sasa hivi. Niliyashika kwa mikono hii na nikalisikia joto hilo. Nikajiambia ni kabati, bati liko karibu. Nikawasha balbu kwa kila jiwe, ikawaka, nikazima. Birika lilikuwa limeshapoa na sikulirudisha jikoni. Niliyapokea kwa salamu tu. Hilo ni kosa langu, na simpi mtu mwingine.

Swali lilikuwa la umeme, tulilolifanya mara nyingi. Waya mwembamba umelazwa juu ya rula, unapitisha umeme kwenye urefu mfupi, halafu mrefu, halafu mrefu zaidi, unasoma ameta kila mara, unachora grafu. Watoto wakaanza vizuri. Niliona kila karatasi ikipigwa safu zake, mwanzo kumi, mwisho, urefu. Halafu sindano zikalala kama nilivyosema, msimamizi akatoka mbio, na chaki ikaingia.

Bwana Feni hakuuliza kitu. Alikwenda ubaoni, chini kabisa ya maneno ya Mwalimu Andama, akaandika safu mbili za namba. Urefu sifuri, umeme sifuri. Urefu ishirini, umeme kidogo. Arobaini, umeme zaidi. Akapanda hivyo hivyo mpaka mia.

"Andikeni hizi. Upesi, kabla hajarudi."

Wadogo zangu, nyinyi mnajua. Waya ukiwa mfupi umeme unapita kwa wingi, ukiwa mrefu unachoka njiani. Na waya wa urefu sifuri! Hapo umeme unatoka kama ng'ombe aliyefunguliwa. Bwana huyu wa historia alidhani pasipo na waya hapana umeme, na kila ukiongeza waya umeme unaongezeka, kama maji kwenye mtungi. Kiden alitazama ubao, kisha akanitazama mimi. Kwa kitambo kidogo, nawaambia, alitaka kucheka.

Nikasimama. "Bwana Feni, hizo siyo namba za waya huu."

"Wewe osha glasi."

Watoto waliinama wakaandika. Siwalaumu sana. Ukiwa na miaka kumi na saba na mkubwa wa shule amesimama mbele yako na chaki, ni wachache wenye shingo ya kukataa. Hata Lemi aliandika, na nilimwona akifunga macho. Kalamu moja tu haikwenda huko.

"Na wewe?" Bwana Feni akamwambia Kiden. "Wewe mtoto wa Lobule, unataka kuangusha shule?"

"Sindano yangu haijasema hivyo, sir."

"Sindano yako imekufa!"

"Ndiyo, sir. Naandika vile ilikuwa nakufa."

Na ndivyo alivyofanya. Nilikuwa nyuma yake, niliona. Kila kipimo alifunga swichi, umeme upite, kwa pumzi moja tu, akasoma, akafungua, akayaacha mawe yapumzike kabla ya kipimo kingine. Alipomaliza urefu wote, akarudi kwenye ule wa kwanza akapima tena. Namba ikatoka ndogo kuliko mwanzo. Akaziandika zote mbili ubavu kwa ubavu, na chini akaandika mstari mmoja kueleza kwamba mawe yalikuwa yanachoka na kwa kiasi gani. Hakuna mtu aliyemfundisha hilo, wala mimi, wala daftari jeusi. Ameta inalala, mkubwa anafoka, wenzake wananakili, na yeye ameugeuza ule ugonjwa kuwa kipimo. Nimekaa na fizikia karibu maisha yangu yote ya kazi, na hiyo ndiyo fizikia nzuri kuliko zote nilizoziona.

Msimamizi alirudi bila mawe. Namba za ubaoni zilikuwa zimeshafutwa. Hakuona kitu, na watoto waliogopa kusema.

Jioni ile niliyatazama mawe upya. Plastiki nilizoziacha wazi zilikuwa zimefungwa kwa nta, na nta ilikuwa ya mishumaa ya maabara yangu. Nikaenda jikoni kwa mama Poni, mpishi wa shule, kumuuliza kama alimwona mtu kabatini.

"Kabati sijui," akasema, "lakini mawe niliona. Si yalikuwa juu ya bati ya jiko langu jana yote, na leo tena mpaka saa sita? Naibu aliyapanga mwenyewe, katikati ya mihogo yangu. Nikamwambia, Bwana, geuza na upande wa pili."

"Hukuniambia, mama Poni."

"Baba, mimi nilijua iko ya redio yake! Nani anaanika mawe ya mtihani?"

Nani kweli. Mtu wa kwetu yeyote angeyaanika mawe ya redio. Huyu alifanya alichokiona kwa mama yake, akadhani jua litarudisha alichokila.

Matokeo yalipotoka, fizikia ya shule yetu haikuwepo. Ya wote kumi na wanane imezuiwa. Watu wa mtihani walikuwa wamekuta karatasi kumi na saba zenye sifuri mbili zile zile, na moja tofauti, wakaiandikia shule wakitaka maelezo kabla ya kuamua. Bwana Feni akajibu. Aliniita nitie sahihi kwenye nakala. Nikasema nitaisoma kwanza. Akacheka, akasema soma. Nikaipeleka kwa Kiden.

Alinisomea maabarani, akigeuza kila mstari kwa Kiswahili, sauti yake ikipungua. Barua ilisema mawe yaliharibiwa na mhudumu wa maabara kwa kutojua kazi. Ikasema namba zile ziliandikwa ubaoni na mhudumu huyo huyo, kwa kutaka kuwasaidia watoto.

"Mzee, hapa anasema..."

"Soma tu."

"Anasema, mtu mwenye elimu ndogo."

"Hilo ni kweli. Endelea."

Hakuendelea. Alikuwa anatazama ubao, yale maneno ya juu. "Mzee, lakini wewe huwezi kuandika sifuri," akasema. "Humu ndani hakuna mtu anayeweza."

Sikutia sahihi. Kabla mwezi haujaisha nikaambiwa nimechoka, nipumzike, ingawa nguvu bado ninazo na miaka yangu haijatimia. Ndivyo nilivyostaafu. Kikombe cha kuagia nilichopewa kina ufa.

Wadogo zangu, mengine ya kazi mtayaona wenyewe. Chemsheni birika. Mawe yakiwa na joto, ulizeni yametoka wapi, hata kama gari la karatasi linapiga honi.

Na sasa nakugeukia wewe, Bwana Feni, kwa jina lako, kwa sababu najua karatasi hii itakufikia. Chuo cha Arua kimemwekea Kiden nafasi mpaka muhula ufunguliwe, na wale wanaopima karatasi wanangoja mkubwa mmoja wa shule aseme kweli. Yule mtoto hakunakili kitu. Karatasi yake iko kwao, inaanza kwa kumi kama tulivyomfundisha, na ubao wako ulianza kwa sifuri. Nani aliziba tundu la kabati kwa kijiti? Nani aliyaanika mawe pamoja na mihogo ya mama Poni? Mkono wa nani ulishika chaki? Sikuombi unirudishe kazini. Kosa langu nimeliandika hapo juu kwa mkono wangu: sikulirudisha birika jikoni. Liandike na lako, kwa lugha yoyote unayoipenda, na ulitume kabla chuo hakijafungua.